Rekoda Ilipozimwa

Duka la mapazia lilikuwa limefurika siku ile, wateja wanavutana vitambaa kama vya bure, ndipo akaingia binti mmoja mwenye sketi ndefu ya bluu na mkoba begani. Hakugusa pazia hata moja. Mwenye duka, kijana mtanashati mwenye futi ya kupimia shingoni, akamuuliza anataka mita ngapi.

"Nataka nusu saa yako tu."

"Hiyo humu ndani ni bidhaa adimu, mrembo."

Binti alikuwa anasomea usimamizi wa biashara, na mwaka huo alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe: awahoji kwa rekoda wenye maduka watano wanavyoajiri watu, asikie kwa masikio yake, asinakili vitabuni. Nusu saa ikawa saa mbili. Wiki iliyofuata akarudi kuhakiki majibu, ingawa majibu hayakuwa na kasoro yoyote. Nani asiyeujua ujanja huo? Kijana akambandika jina la Profesa. Simu zikawa haziishi, "umekula?" asubuhi, "umekula?" jioni, kana kwamba mtu husahau kula.

Jioni moja, rekoda imeshazimwa na wanakunywa chai, kijana akamwambia linalomkaa moyoni. Mdogo wake anayefanya naye kazi dukani hawezi kazi. Anakata kombo, anakosea vipimo, wateja wanarudisha mapazia.

"Angekuwa mtu baki ningeshamfukuza. Lakini mama alinishika mkono kabla hajafariki, akaniambia nisimwache. Basi, namwonea huruma tu."

Binti alisikitika kweli. Kesho yake akayaandika. Hakuwa na nia mbaya, jamani, tuseme haki: msimamizi wake alikuwa amemwambia majibu yake ni makavu, na haya yalikuwa na uhai. Jina hakuliweka. Aliandika "Mhojiwa wa Tatu, muuza mapazia, anafanya kazi na mdogo wake," akaona amemficha. Kumficha gani huko!

Siku ya kuutetea utafiti, kijana alikuja na shati jeupe lililonyooka kwa pasi. Pembeni yake alikuwa mdogo wake, kavaa tai ya kuazima kwa kaka, amekuja kumshangilia shemeji.

Binti alisoma vizuri mpaka alipofika kwa Mhojiwa wa Tatu. Akainua macho, akawaona. Akaacha kusoma, lakini projekta ilikuwa imeshayatupa maneno ukutani nyuma yake kwa herufi kubwa: namwonea huruma tu. Mdogo mtu aliyasoma polepole, midomo ikimcheza. Kisha akavua tai, akaikunja, akaiweka mapajani mwa kaka yake.

"Nilikwambia wewe," kijana alimwambia binti. "Sikuwaambia wao."

Binti akawageukia watahini. Akasema maneno yale aliambiwa kama mpenzi, ruhusa hakuomba, na sasa anayaondoa. Mtahini mkuu akamkumbusha kwamba akiyaondoa sura nzima inaanguka na atarudia mwaka.

"Nitarudia," alisema.

Hapo mdogo mtu akasimama.

"Samahani, mwalimu. Huyu dada alimhoji mmoja tu, mimi hakuniuliza." Akamgeukia kaka yake. "Nilipata kazi ya udereva, nikaikataa. Vitambaa sivipendi, kaka, sijawahi kuvipenda. Na mimi mama alinishika mkono. Aliniambia nisikuache peke yako."

Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani anambeba mwenzake. Wakakumbatiana palepale, wanaume wazima, wanalia, na watahini wakajifanya wanapanga karatasi.

Lakini kijana hakumpigia simu Profesa wake. Mdogo mtu alishaanza kuendesha lori, binti alishajiandikisha kurudia mwaka, na simu bado kimya. Alilia mpaka dada yake akachoka kumbembeleza. Siku ilipoita, aliambiwa maneno machache: aje dukani, aje na rekoda.

Alijua ameitwa kufuta kila kitu. Akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, imezimwa.

"Nifute mbele yako?"

"Umekula?" kijana aliuliza.

Binti akatikisa kichwa, machozi yakamtoka.

"Iwashe."

"Niiwashe?"

"Iwashe. Hili nataka kila mtu alisikie."

Akaibonyeza vibaya, akarudia. Kijana akasubiri mpaka taa nyekundu ikawaka.

"Nataka kukuoa," alisema.