Dawa na Msaidizi Wake

Malori yalikuwa yameziba barabara ya mpakani Busia tangu asubuhi. Katikati ya vumbi na honi alisimama Madinah, gauni la samawati, hijabu ya rangi ya maziwa, amekumbatia boksi la baridi. Boksi lilitoka Nairobi likakwama kwenye ukaguzi, na barafu yake ilikuwa karibu yote imeyeyuka. Maabara yake ilikuwa Tororo.

"Dada, unatafuta barafu?"

Aliyeuliza ni Abdunoor, kijana mrefu wa mtaa wa Sofia aliyesafirisha samaki kutoka ziwani Majanji. Shati lake lilikuwa na magamba mpaka kwenye kola.

"Barafu yako inanuka mbuta," Madinah alisema huku akilifungua boksi.

"Hiyo inayonuka nakupa bure. Mimi nakwenda Tororo hivi sasa. Panda gari, tuyapeleke haya maajabu yako."

Njiani alitaka kujua amebeba nini. Madinah akamweleza kwamba kuna vijidudu vilivyojifunza kuivunja dawa kabla haijafanya kazi. Kemikali iliyomo ndani ya boksi haiui kijidudu chochote. Inakizuia tu kisiivunje dawa, ili dawa ya zamani ipate nguvu yake tena.

"Kumbe ni tanboi wa dereva," Abdunoor alisema. "Haendeshi lori, lakini bila yeye mzigo haufiki."

Madinah alicheka mpaka akashika dashibodi. Kabla hajashuka walikuwa wamepeana namba.

Simu zikaanza. "Dia, umekula?" "Nimekula. Leo ulioga, au niongee nawe kwa mbali?" Jumapili Abdunoor alikuja Tororo amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi, na wakatembea chini ya ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji, huku watu wakigeuka kuwatazama. Miezi ikapita hivyo, vizuri.

Kisha mama yake Abdunoor akaungua mguu kwa mafuta ya kukaangia mihogo. Kidonda kikaoza. Alilazwa hospitalini Tororo, akachomwa sindano ya dawa, dawa ikabadilishwa, akachomwa nyingine, na homa haikushuka. Daktari Okia alipotamka neno kukata, Abdunoor alitoka nje akapiga simu.

"Madinah, ile dawa yako. Niletee."

"Haiwezekani, mpenzi. Bado tunaijaribu kwenye vijidudu vya maabara. Haijaingia mwilini mwa mtu hata mmoja. Inaweza kumharibia figo."

"Na mguu ukikatwa, hautaharibika?"

"Abdunoor, nisikilize. Kuna njia..."

"Nimesikia. Angekuwa mama yako ungeileta."

Akakata simu. Madinah alipiga tena, akakuta simu imezimwa. Alilia kidogo chooni pale maabara, akanawa uso, akachukua bodaboda hadi hospitalini.

Abdunoor alikuwa amerudi Majanji kutafuta mzigo, apate pesa ya matibabu. Madinah alimkuta mama peke yake, akajitambulisha, akamsaidia kunywa uji, kisha akamwendea Daktari Okia.

"Usaha wake umeoteshwa kujua ni kijidudu gani?" aliuliza.

"Mashine yetu ni mbovu. Nilitaka kuupeleka kwingine, gari hakuna."

"Ukisaini, nitaupeleka mwenyewe maabara kwetu."

Daktari akasaini papo hapo. Vijidudu vilipoota, jibu lilikuwa wazi. Dawa aliyochomwa mama ilivunjwavunjwa kama biskuti. Lakini dawa hiyo hiyo ikiunganishwa na msaidizi wake, aina iliyokwisha kuruhusiwa na kutumiwa na watu kwa miaka mingi, iliviua vyote. Haikuwa kemikali ya Madinah; ya kwake ilikuwa mdogo wa ukoo huo, bado inatambaa. Daktari aliiagiza ile iliyoruhusiwa kutoka Mbale siku ile ile, na mama akaanza kuchomwa.

Abdunoor aliporudi wiki iliyofuata alimkuta mama ameketi kitandani, paji lake la uso limepoa, anaomba samaki.

"Huyo binti ana mikono mipole," mama alisema.

"Binti gani?"

"Unaniuliza mimi? Amekuwa akija kila jioni. Nikamwambia mwanangu ana kichwa kigumu, akasema anajua."

Kesho yake mchana Abdunoor alikuwa kwenye geti la maabara, akigeuza kofia mikononi. Madinah alitoka na koti lake jeupe, hakumkaribia.

"Daktari amenieleza yote. Nilikusema vibaya," Abdunoor alianza. "Nilidhani unaninyima."

"Nilikuwa nakunyima. Na ukiniomba tena nitakunyima tena."

"Najua. Nimekuja kwa hilo hilo. Nataka mke ambaye hatamlisha mama yangu kitu asichokijua, hata mimi nikilia."

Madinah aliangalia barabara. Malori yalikuwa yakipita kuelekea Malaba.

"Ulizima simu, Abdunoor. Ukizima tena, usije getini."

"Sizimi."

"Kwetu ni Rubongi. Baba yangu ni askari mstaafu, anauliza maswali mengi."

"Mama amesema yeye ndiye atakayeongoza wazee kuja kuposa. Kwa miguu yake miwili, hataki kubebwa."

"Basi asiharakishwe, kidonda kifunge vizuri," Madinah alisema. "Mimi sina haraka."

Akapiga hatua mbili, akarudi, akamkunjulia kola ya shati iliyojikunja.

"Nimekudanganya," alisema. "Haraka ninayo."