Mwenye Pejo Lazima Awe Ndani

Hii jambo ilifika mudogo wangu Mwape, mutoto wa mama yangu mukubwa, hapa hapa Nchelenge. Siyo maneno ya kuokota ku soko. Mimi njo niliandikaka ile sheria, na kama ningejua, ningekula kalamu na wino yake.

Ilianza muzuri tu. Asubui, Kashikishi ya hapa Nchelenge, pembeni ya ziwa Mweru, bamama banaanika chisense, samaki midogo, juu ya muchanga. Tulikuwa tunakaa pa baraza ya depo ya samaki, tunapanga mashindano ya motokari ya zamani: kutoka Nchelenge, kupita Mununga, mpaka Puta, injini isizime hata kidogo. Balinifanya président wa sheria juu ya akili yangu. Masomo niliachaka mapema, mwalimu alishindwa kunifuata.

Bwana, kupanga sheria na batu ya Mweru! Afazali kuvalisha mamba kravati. Nikasema motokari iwe ya zamani. Mumoya akauliza: zamani ya nani? Nikasema hakuna kusukuma. Bakauliza: na pa mulima? Nililalamika mpaka viboko ya upande ya Kongo ikatoka mu mai kuuliza kuna nini.

Mwenye kunichokesha zaidi alikuwa Camille, muchuuzi wa samaki wa Pweto. Landrova yake ilizeeka kupita dunia, na yeye hajui kuendesha.

— Président, mi nitabakia hapa kunywa bière yangu. Shofere wangu wa Lubumbashi njo atakimbia.

— Hapana, Camille. Mwenye motokari lazima awe ndani. Na zaidi ya mwenye na shofere, hata kuku isipande.

— Ah, vieux, unaniogopa!

— Nikuogope wewe? Hata muke yako hakuogopi.

Batu bakacheka. Nikaandika ile sheria na herufi kubwa kama nyumba. Mwape peke yake hakucheka.

Yeye alikuwa na Pejo 404 ya baba yake, marehemu Chibwe, yenye ilibebaka samaki mpaka mabati yake inanuka Mweru muzima. Baba mudogo yake, Kalaba, alitaka kuikata vipande, auze vyuma. Mwape aliomba, akalia, mpaka jamaa ikakubali: Pejo ikifika Puta na sheria zote, itabakia yake. Ikivunja sheria hata moya, Kalaba ataikamata siku ile ile.

Mwape akanivuta pembeni.

— Yaya, mukubwa wangu, mwenye Pejo ni nani?

— Ni wewe, mujinga.

— Lakini batata, baba yangu, habajapyaniwa.

Kwetu mutu akikufa, jamaa inakaa, inachagua mutu wa kukamata jina yake na bintu yake. Njo kupyana. Kabla ya pale, kintu ya marehemu iko ya marehemu. Na Kalaba alikuwa anachelewesha ile kikao makusudi. Mi kichwa ilikuwa inaniuma, sheria zimenijaa mpaka mu meno. Nikamujibu vibaya:

— Basi mwambie baba yako apande!

Nilisema tu juu ya kasirani. Mwape akaniangalia. Kisha akaangalia Pejo, kule ilisimama, kama mutu mwenye amesikia mulango inafungwa.

Siku ya mashindano, aliondoka peke yake. Nilikagua mi mwenyewe: kabini, chini ya kiti, nyuma. Hakuna mutu. Nikapanda pikipiki, nikatangulia Puta. Nilikimbia mpaka kivuli yangu ilifika nyuma, inahema.

Jua ikiwa juu ya kichwa, simu ikalia. Ilikuwa Eneless, mwanamuke mwenye tuliweka ku kontrole ya Mununga. Hajamaliza hata mwaka kule, hajui batu.

— Président, Pejo imepita. Batu babili.

— Babili? Mwape eko peke yake!

— Mwape na muzee moya. Nilimusalimia. Hakuitika. Anaangalia tu mbele.

— Ni nani?

Sauti yake ikashuka.

— Sijui. Eko na udongo mu masikio.

Nikatukana. Nilifikiri Mwape amepakiza abiria. Batu ya hii njia, hata mu mashindano banasimamisha motokari kwa kila mwenye kunyoosha mukono! Kazi yangu yote ya sheria, bure!

Kalaba alikuwa pale Puta, eko na msumeno ya chuma mu mukoba. Alisikia simu. Akacheka.

Pejo ikatokea ya kwanza. Polepole. Mwape ndani, peke yake. Jasho inamutoka, vidole imeshika usukani sana.

— Ulibeba nani?

— Yaya, sikubeba mutu.

Akapanguza jasho. Kisha akanong'ona:

— Lakini pa mulima motokari ilikuwa nzito. Na kuna mutu alikuwa ananiambia: punguza. Ingiza gia. Punguza. Sikugeuka.

Kalaba akasogea.

— Président, sheria ni sheria. Kama alibeba mutu, alibeba abiria. Kama alikuwa peke yake, mwenye hakukuwa ndani, juu Chibwe hatujamupyana. Yote mbili, ameshindwa. Leta funguo.

 Sheria yangu mwenyewe ilinikamata. Kwa hasira nikapigia Eneless tena, nikaweka simu kwa sauti kubwa.

— Ule muzee, alikuwa namna gani? Sema vizuri!

— Mwembamba. Anapiga mulango na vidole, kama anaimba. Sikio ya kushoto iko nusu.

Pale batu bakarudi nyuma, mbali na Pejo. Chibwe, panga ilimukataka sikio ya kushoto, angali kijana, ku Kilwa ya Kongo. Puta yote inajua.

Kalaba akajifanya mwanaume.

— Uongo ya batu! Ni motokari tu.

Akafungua mulango ya abiria. Akaingia, akakaa.

Hapana. Hakukaa.

Kiti ilikuwa chini. Yeye alikuwa juu. Katikati, hewa tupu. Alikaa kama mutoto anakalia magoti ya mutu.

Akatulia. Macho yake ikafunguka. 

— Iko baridi, akanong'ona.

Akaanguka inje na magoti. Akaacha msumeno. Akaenda na miguu njia ya Mununga, bila kugeuka. Camille alifika na Landrova yake, akataka kumupakiza. Akakataa kupanda motokari. Mpaka leo anakataa.

Nikaandika: Pejo imefika, mwenye alikuwa ndani.  Wiki ile ile jamaa ikakaa, ikapyana, ikapatia Mwape Pejo na jina ya baba yake. Hakuna mwenye alibisha.

Lakini kioo ya upande ya abiria inafanya ukungu, duara moya, pa kimo ya mudomo ya mutu mukubwa. Hata Oktoba, jua ya kuchoma kichwa. Mwape anapanguza na kitambaa. Inarudi. Camille, kwa kunichekelea, akaleta kioo mupya kutoka Lubumbashi, ingali na karatasi yake. Tukaifunga mangaribi.

Asubui tukakuta ukungu. Fasi ile ile. Na ilikuwa upande ya ndani.