Kiingilio Bure

"Angalia chini, Yusta. Chini kabisa."

Niliinama. Katikati ya mtaa wa maduka, huku spika zikipiga kelele za punguzo la bei, kulikuwa na kioo kinene, na chini ya kioo kulikuwa na barabara nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena. Mawe ya watu wa kale yamelala moja juu ya jingine kama vitenge vilivyokunjwa dukani.

"Kila mfalme aliyekuja alijenga yake juu ya ya mwenzake," Aloyce akasema. "Ya zamani hawakuiondoa. Waliifunika tu."

"Na kuangalia ni bei gani?"

"Bure! Leo hutoi hata senti. Mji huu nimeumeza mimi. Najua kila mahali pasipo na kiingilio."

Akainua kamera iliyoning'inia shingoni mwake.

"Cheka kidogo. Ya Sia hii."

Nikacheka. Kamera ikalia *klik*.

Huo ulikuwa mwaka wa michezo ya Olimpiki, na Guangzhou yote, huko Uchina, ilikuwa imebandikwa mabango. Nilikuwa nimekuja kutoka Moshi na kundi la Mama Rozina kununua nguo. Tulishazunguka soko la nguo la Shisanhang mpaka miguu ikavimba, jinzi tulishaagiza kwenye karakana za Xintang, mzigo ulishakwenda bandarini Huangpu kupakiwa. Ndege yetu ilikuwa jioni ile. Ilibaki siku moja tu ya mapenzi.

Niseme ukweli: jinzi zilikuwa kisingizio. Aloyce aliondoka kwa ufadhili wa masomo nikiwa na mimba, na mtoto wetu Sia anamjua baba yake kwa picha. Alikuwa ameniahidi, "Nikimaliza tu, narudi, tunafunga ndoa kanisani." Miaka ikapita. Padri wetu akanichoka: "Yustina, mwanangu, niletee tarehe nianze kuwatangaza." Kwa hiyo nilipanda ndege kufuata kitu kimoja tu. Tarehe.

"Twende kwanza chuoni kwenu," nikamwambia. "Nione hata geti."

"Chuo kiko mbali, mpenzi. Na kipindi hiki wageni hawaruhusiwi."

"Basi chumbani kwako."

"Bweni la wanaume lile! Mlinzi wake hata nzi jike haruhusu."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nahesabu. Wiki nzima alikuwa akinijia sokoni asubuhi, akinitafsiria bei, halafu akipotea. Na Xiaobei, mtaa wenye hoteli yetu na Waafrika wote, hakukanyaga hata mara moja.

Simu yake ikatetemeka. Akaisoma huku amenipa mgongo.

"Tupite huku," akasema haraka.

"Si ulisema njia ni ile?"

"Hii ina kivuli."

Tukaingia vichochoroni. Kila kona alikuwa akitangulia kuchungulia, ndipo ananiita kwa mkono. Nikawa namfuata kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara. Simu yangu nayo ikaita. Mama Rozina.

"We mtoto, uko wapi?"

"Natembezwa mama."

"Unatembezwa wapi?"

"Sehemu za kihistoria. Za bure."

"Za bure! Miaka yote hiyo Uchina, mwanaume anakutembeza vya bure? Mwambie akupeleke hata pa kulipia mara moja, tujue anakupenda! Halafu usichelewe, gari la uwanja wa ndege halimngoji mtu."

Aloyce alisikia kila neno, maana simu ya Mama Rozina haihitaji spika. Tulitembea hadi kwenye kanisa kubwa la mawe, lenye minara miwili iliyochongoka. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu na vioo vya rangi. Nikapiga goti. Nilipoinuka alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na nguzo, kama mtu anayelijua benchi lake.

"Wewe huja hapa kusali?"

"Huja kukaa."

Akaenda kunawa uso nje. Simu akaisahau juu ya benchi. Sikuigusa, Mungu shahidi. Lakini iliwaka yenyewe, na macho hayana mlango.

*Imelda: Usirudi huku na usimlete kabisa. Nguo zako nimezitoa chumbani nimezificha kwangu. Mpeleke kisiwani, huko salama.*

Aliporudi, uso ukiwa unachuruzika maji, nilikuwa nimeishika simu mkononi.

"Imelda ni nani?"

"Yusta..."

"Usiniyuste. Imelda ni nani?"

"Anasoma udaktari hapa. Mtu wa Bukoba. Ni kama dada."

"Dada gani anakuhifadhia nguo ili mama wa mtoto wako asizione?"

Mzee mmoja wa Kichina akageuka, akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Nikashusha sauti, ila machozi nilishindwa kuyashusha.

"Nijibu hapa, mbele ya altare."

"Twende kisiwani," alisema. "Nitakueleza huko. Nakuomba."

Nilikwenda. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa na wivu, lakini bado nilikuwa nataka tarehe yangu.

Tulitembea mpaka Shamian. Ni kisiwa kidogo hivi, unavuka daraja fupi tu umefika: majumba ya kikoloni yamepangwa, miti mikubwa imekumbatiana juu. Na maharusi! Kila ukigeuka, bibi harusi. Huko watu hupigwa picha za harusi kabla ya harusi yenyewe. Msichana mmoja alikuwa ameinuliwa gauni lisiburuzike, na chini yake kavaa raba. Mpiga picha anapiga kelele, bwana harusi anajifuta jasho.

"Tukae huku mtoni," Aloyce akasema, akinivuta mkono.

"Niache nimwone yule wa kwenye ngazi."

"Yusta, huku kuna upepo."

"Nimesema niache!"

Nikavuka. Bibi harusi yule alikuwa amesimama mbele ya jengo lenye nguzo nene nyeupe, na kando ya mlango kuna taa ya chuma iliyopinda kama shingo ya bata. Nikasimama. Nguzo zile nazijua. Taa ile naijua. Nimeifuta vumbi kila Jumamosi, kwa sababu iko ndani ya fremu sebuleni kwa mama yangu: Aloyce kasimama kavaa tai, kakumbatia vitabu, na nyuma ya picha ameandika kwa mkono wake, "Mbele ya chuo changu."

Hakuna wanafunzi. Hakuna geti. Kibao cha mlangoni kilikuwa na picha ya sahani na vijiti vya kulia.

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kamera kifuani, amepauka.

"Aloyce. Hiki ndicho chuo chako?"

Akaangalia kibao cha mlangoni.

"Mama yangu anawaonyesha wageni hii nyumba. 'Mkwe wangu anasoma hapa.' Ni mgahawa?"

"Chuo kilikuwepo," akasema taratibu. "Kweli kilikuwepo. Ila hapa palikuwa pazuri zaidi kwa picha. Halafu... halafu chuo kikanifuta."

"Lini?"

"Mwaka wa pili. Ilianza Sia alipozaliwa na lile tatizo la kifua, ukanipigia unalia. Nikaanza kuwasindikiza wafanyabiashara Xintang, kuwatafsiria. Kila siku mteja. Mara darasani siingii. Mtihani ukanipita nikiwa karakanani nahesabisha jinzi za watu."

"Zile hela ulizotuma..."

"Sikuwahi kuwa na posho ya kukutumia, Yusta. Zilikuwa za Xintang."

Nikakaa kwenye ngazi palepale, pembeni ya gauni la mtu.

"Na Imelda?"

"Viza yangu ilikwisha. Mwaka huu polisi wanakagua pasipoti kila mahali. Chumba changu kiko ghorofa moja na chake. Akiwaona chini dirishani ananitumia ujumbe, na wakija kugonga anatoa nguo zangu ionekane hakuna anayelala mle. Basi. Kwa Mungu wangu, hakuna kingine."

"Kwa hiyo barabara ya kioo, na kanisa, na hapa..."

"Ndiko ninakoshinda. Mtu mwenye kamera shingoni ni mtalii. Mtalii haulizwi kitu. Ndiyo maana nazijua zote za bure."

Niliitazama ile kamera. Kitu kikanigonga moyoni kabla hata sijauliza.

"Hebu nionyeshe picha za leo."

Akainamisha kichwa.

"Aloyce. Picha za Sia."

"Imeharibika tangu mwaka jana. Inalia tu."

Jamani, chuo niliweza. Viza niliweza. Lakini zile *klik* za asubuhi nzima, mimi natabasamu, nikifikiria uso wa mtoto wangu atakapozipokea! Nililia mpaka yule bibi harusi akanipa karatasi laini za kufutia uso, za kwake, pengine alizojiandalia mwenyewe.

"Unajua mimi nafanya nini jioni huko nyumbani?" nikamwambia. "Nikishamlaza Sia, naenda masomo ya jioni. Nimekaa dawati moja na watoto wanaoniita shangazi. Nimefaulu kidato cha nne mwaka jana! Unajua kwa nini? Ukirudi na digrii yako nisikutie aibu."

"Sikukwambia kwa sababu hiyohiyo. Kila ukinipigia, 'Leo nimejifunza hiki, leo nimejifunza kile.' Ningekwambia nini mimi?"

"Ungeniambia, 'Yusta, nimefeli.' Maneno mawili!"

"Narudije bila kitu? Baba yako aliuza ng'ombe kwa ajili ya sherehe ya kuniaga."

"Sia haulizi digrii. Sia anauliza baba anakuja lini. Na mimi nimekuja kuuliza hilohilo. Nipe tarehe."

"Sina njia ya kutoka! Pale uwanja wa ndege wataniona viza imekwisha."

Nikachukua simu yake nikampigia Imelda.

"Aloyce, wameondoka, ila usije bado..."

"Si Aloyce. Ni Yustina."

Nikasikia kitabu kikifungwa.

"Shemeji. Amekwambia?"

"Ameniambia. Sasa niambie wewe unayeishi kihalali. Mtu akijipeleka mwenyewe wanamfanya nini?"

"Yupo mmoja hapa ghorofani alijipeleka. Walimweka ndani siku kadhaa, akalipa faini, akaonyesha tiketi, wakamrudisha kwao. Kuja tena ndiyo basi. Nimemwambia Aloyce kila wiki, shemeji. Mimi mwenyewe nimechoka kusomea dirishani. Nina mitihani."

"Nikikuachia hela ya tiketi na faini utaishika?"

"Nitaishika kama ya mama yangu."

Ilikuwa hela ya gauni. Nilikuwa nimeitenga tangu Moshi, ninunue gauni langu la harusi kwa bei ya jumla. Tulipanga pa kukutana, nikakata simu nikamgeukia Aloyce.

"Aloyce, umenitembeza asubuhi yote. Sasa nitakutembeza mimi. Kuna sehemu moja hujanionyesha."

Alielewa.

"Naogopa, Mama Sia."

"Hata mimi."

Lakini kwanza nilimshika mkono nikampeleka kwa mwanamke aliyekuwa akizunguka na kamera na mashine ndogo ya kutoa picha papo hapo. Tukasimama mbele ya zile nguzo. Hakuna tai, hakuna vitabu. Macho yetu mekundu, shati lake limelowa. Ndicho kitu pekee tulichokilipia siku ile.

Kituo cha polisi kilikuwa mtaa wa pili kutoka pale Imelda alipotungojea, msichana mwembamba, miwani, kitabu kinene kwapani. Nilimtazama mara moja tu, wivu wangu wote ukaona haya, nikampa ile hela. Mlango wa kituo ulikuwa wa kioo na unafunguka wenyewe. Aloyce akavua kamera akanivisha mimi. Akajaribu kucheka.

"Hapa napo kiingilio bure."

"Ingia," nikamwambia. "Kama hukuja Moshi, nitamwambia Sia ukweli wote. Ukija pia nitamwambia. Chagua ausikie ukiwepo au usiwepo."

Akaingia. Mlango ukafunga. Mama Rozina alikuwa akinipigia mfululizo, na nilipofika kwenye gari, kamera mbovu shingoni, akafungua mdomo kunigombeza, akaniangalia, akaufunga. Alinisogezea kiti. Njia nzima alinishika mkono.

Siku zikapita bila neno. Imelda akanitumia ujumbe: *Bado yuko ndani. Faini nimelipa. Tiketi nimenunua.* Halafu kimya tena. Nilikwenda kwa padri hivyohivyo.

"Umeniletea tarehe?"

"Nimekuletea jina, Padri. Tangaza. Tarehe inakuja."

Akafungua daftari, akaandika.

Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na nguzo. Mama yangu alikuwa mbele na kilemba chake. Fremu nilikuwa nimeshaibadilisha picha, na alipouliza nilimweleza. Alilia, akaipangusa kioo, akairudisha ukutani.

"Kwa mara ya kwanza," padri akasoma, "wanatangazwa Aloyce na Yustina, wote wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi chochote, atoe taarifa."

Kizuizi! Nilikaza macho sakafuni. Nilivijua vyote, na vyote vilikuwa nyuma ya mlango wa kioo.

"Mama," Sia akaninong'oneza, "huyo anayetajwa ni baba wa kwenye picha?"

"Ndiye."

"Mbona kwenye picha mpya amelia?"

Mkoba wangu ukatetemeka pajani. Nikaufungua taratibu, chini ya benchi. Namba ngeni.

*Nipo Addis, simu ya msafiri mwenzangu. Sina begi, sina digrii. Nafika kesho mchana. Mwambie Sia asitarajie zawadi.*

Nikaisoma tena, herufi zinaogelea. Nikaandika:

*Njoo. Tutamtembeza mjini wote wawili. Vya bure ni vingi.*

Padri alikuwa bado anangoja, akiangaza kanisani kama kuna mtu atakayesimama. Hakusimama mtu. Akafunga daftari lake, na kwaya ikaanza kuimba.