Patasi Iliyonyoa Nywele

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajafungua mlango mkubwa wa karakana, Njiti alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kunolea. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya wembamba wake, naye hakulichukia. Mbele yake alipanga jiwe la kunolea, kopo la maji, kitambaa, na kile kigari kidogo cha chuma kinachobana patasi na kutembea juu ya jiwe kwa gurudumu lake moja. Patasi ikishabanwa humo haiyumbi. Pembe uliyoichagua mwanzoni ndiyo utakayoipata mwishoni.

Kuichagua hakukuwa kugumu. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa fundi seremala wa mtaa ule, alipigilia vibao viwili kwenye benchi. Ukisukuma ncha ya patasi mpaka iguse kibao cha mbali, inachomoza sana kutoka kwenye kigari na kulala chini: hapo unapata nyuzi ishirini na tano, makali membamba ya kukwangulia mbao kwa nguvu ya mkono tu. Ukiishia kwenye kibao cha karibu, patasi inasimama zaidi: nyuzi thelathini na tano, makali manene ya patasi inayogongwa kwa nyundo.

"Leo iangalie sana hiyo yenye mpini mwekundu," Mama alisema huku akifunga aproni. "Nimeisaga upya kwenye mashine, bado kumaliziwa tu. Kaka yako anatoboa fremu za milango, na mbao zenyewe ni ngumu kama jiwe. Kibao cha karibu, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda, na karakana ilikuwa na giza la kuchosha macho. Njiti alianza na patasi za kukwangulia. Alikuwa amebakiza ile ya mpini mwekundu pale rafiki yake, binti wa mshonaji, alipokuja kuegemea dirishani.

"Unamaliza saa ngapi wewe? Wenzako tunakungoja."

"Bado moja tu."

Kubadilisha pembe kulitaka alegeze skrubu, apime upya, akaze, kisha apime tena. Njiti akatazama kibao cha karibu, akatazama dirishani. Akaibana patasi kwa kibao cha mbali, kama zile nyingine, akaanza kunoa. Chuma kilitoa sauti laini juu ya jiwe. Alipomaliza, aliipitisha patasi juu ya mkono wake, na vinyweleo vikaanguka.

"Hee! Wembe huo!" binti wa mshonaji alishangaa. "Hebu tena!"

Njiti akarudia, kichwa kimemvimba kwa sifa. Moyoni alijiambia kwamba makali ni makali tu.

Kaka yake akaja kuichukua. Alikuwa kijana mcheshi, mrefu, aliyefanya kazi na Mama tangu amalize shule. "Imekaa sawa hii?"

"Imekaa sawa."

"Kibao cha karibu?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye randa.

"Ndiyo, Mama."

Hakwenda kucheza. Alimwambia rafiki yake kuwa anaumwa kichwa, akachukua ufagio. Alifagia palepale, karibu na kaka yake, akisikiliza. Nyundo ilipiga, patasi ikazama, kipande cha mbao kikaruka. Nyundo, patasi, kipande.

"Mama, njoo uone!" kaka yake alisema. "Leo Njiti ametunolea kweli. Inaingia kama kwenye sabuni."

Sifa ile ilimchoma Njiti. Kaka yake alipofika kwenye tundu la tatu, sauti ya nyundo ilibadilika, ikawa nzito, kavu. Akakunja uso, akapiga kwa nguvu zaidi. Kukasikika mlio mdogo, kama wa njiti ya kiberiti inayovunjika. Kaka yake hakuusikia. Aliweka patasi mezani, akaenda kunywa maji.

Njiti akasogea. Kwenye kona ya makali palikuwa na pengo dogo, kama jino lililong'oka. Alitazama mezani, akatazama sakafuni. Hakukuwa na kitu. Basi kipande kile cha chuma kilikuwa kimebaki ndani ya tundu.

"Nitasema akirudi," alijiambia.

Kaka yake akarudi. Miwani yake ya kazi ilikuwa inaingia ukungu, kwa hiyo alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso. Akainama, kama alivyozoea, akapuliza vumbi litoke kwenye tundu.

"Aah!" Akajirudisha nyuma, kiganja kwenye jicho.

"Nini tena?" Mama akauliza.

"Vumbi limeniingia." Akaanza kusugua.

"Pole, baba. Ngoja nilete maji."

Ngumi ilizunguka juu ya jicho, ikazunguka tena. Njiti alitaka kusema, akasita. Akisema hili, itabidi aseme na lile. Machozi yalitiririka kwenye shavu la kaka yake, na wekundu kidogo wa damu ukaonekana ndani yake.

"Kaka, usisugue!" Njiti alipiga kelele. "Si vumbi! Ni chuma!"

Mama akasimama, kikombe mkononi. "Chuma kimetoka wapi?"

"Kwenye patasi. Imemeguka. Niliona, nikanyamaza." Alikuwa akilia sasa. "Niliinoa kwa kibao cha mbali, Mama. Nilikudanganya."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimtisha kuliko kugombezwa. Aliushusha mkono wa kijana wake, akamwaga maji, akamfunika jicho kwa kikombe kile cha karatasi ili lisiguswe, akamwongoza nje. Njiti akawafuata. Hakuna aliyemwambia aje wala abaki.

Hospitalini daktari wa macho aliuliza swali moja kabla ya yote. "Kilichoingia ni mbao au chuma?"

Mama akamtazama Njiti.

"Ni chuma, daktari," Njiti alisema. "Kimetoka kwenye ncha ya patasi. Nina hakika."

"Afadhali nimejua," daktari akajibu, akamwingiza kaka ndani na kufunga mlango.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji macho yote mawili alipita, akishikwa mkono na mjukuu wake, akipapasa ukuta kwa vidole. Njiti alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona.

"Mama, kaka atapofuka?"

"Sijui, mwanangu," Mama alisema.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alikuwa ameshika pamba yenye chembe moja nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchanga. "Nimekitoa. Hakikuzama sana. Lakini angeendelea kusugua kingechimba ndani. Na ningedhani ni vumbi la mbao, ningemsafisha kwa maji nikamrudisha nyumbani, kikakaa humo kikashika kutu. Bado ni mapema kusema. Tutajua tukifungua bandeji."

Siku zile za kungoja, nyumba ilikuwa nzito. Kaka peke yake ndiye aliyethubutu kutania. "Sasa nakuona nusu, Njiti, na kwa ulivyo mwembamba, hiyo nusu yenyewe haipo." Njiti alicheka, kisha akaenda uani kulia.

Bandeji ilipofunguliwa, kaka yake alikodoa macho kwenye ubao wa herufi, akasita, akaanza kusoma. Alizisoma zote, mpaka mstari wa chini. Mama, aliyekuwa amesimama muda wote, ndipo akakaa.

Waliporudi karakanani, Mama aliisaga upya patasi yenye mpini mwekundu, akaileta kwenye benchi la kunolea.

"Haya, chagua pembe."

Njiti hakugusa kigari. "Itagongwa au itasukumwa kwa mkono?"

"Itagongwa. Mbao ngumu."

Akaibana kwa kibao cha karibu, akakaza skrubu, akapima tena.

Mama akavuta kigoda, akaketi kando yake. "Makali membamba yanapendeza, lakini hayana nyama nyuma yake. Ukiyagonga yanameguka. Patasi inanolewa kwa ajili ya kazi yake, si kwa ajili ya anayekutazama dirishani. Lakini pembe ni jambo dogo, Njiti. Ungekosea kwa kutojua, ningekuonyesha, tukaendelea. Nilikuuliza, ukanijibu uongo, na mimi nikamwachia kaka yako ainamishe uso wake juu ya kitu nisichokijua."

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe. Siku ile ulisema ukweli ukiwa umechelewa, na bado uliokoa jicho la mwenzako. Siku nyingine useme mapema, kusiwe na jicho la kuokoa."