Ngano Mdomoni mwa Kisima

Maiti ya Loizos Kakoulli ilikutwa asubuhi, imelala kifudifudi kando ya kisima kikavu, katika ua wa nyumba iliyohamwa karibu na mstari unaoigawa Nikosia, mji mkuu wa Kupro. Mwavuli wake mwekundu, ule aliouinua juu ili wageni wasimpotee, ulikuwa bado umebanwa kwapani.

"Pigo moja la kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Jiwe lile pale lina damu na nywele."

"Alipambana?"

"Hata kidogo. Alikuwa amempa mgongo aliyempiga."

Inspekta Despo Hadjigavriel alilizunguka eneo la tukio polepole. Pochi ilikuwa mfukoni, imenona. Saa ilikuwa mkononi. Basi aliyemuua hakuwa mwizi.

Kisha akauona mdomo wa kisima. Ulikuwa na punje za ngano iliyochemshwa, sukari, lozi na mbegu za komamanga. Sisimizi walikuwa wameshaanza karamu.

"Rikkos, njoo uone."

Sajini Rikkos akainama. "Ngano ya kuombea wafu, afande. Lakini hii hugawiwa kanisani, watu wakala. Nani anakilisha kisima?"

"Mtu anayeamini ana maiti yake humo ndani."

Loizos alikuwa mtembeza wageni. Aliwapitisha kwa miguu vichochoro vya upande wa kusini, wa Wagiriki, akawaonyesha mapipa, magunia ya mchanga na kuta zenye matundu ya risasi. Wakifika kwenye kizuizi cha kuvukia, alimkabidhi kundi Ertan, Mturuki wa Kupro, naye akawatembeza upande wa kaskazini. Ndivyo walivyougawana mji huo uliogawanyika, kwa amani zaidi kuliko waliougawa.

Ertan alivuka mwenyewe, hakungoja kuitwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mlikuwa mnagombana?" aliuliza Inspekta.

"Kila siku, mama Inspekta. Mimi nasema kahawa ni yetu, yeye anasema ni yao. Lakini mtu haui mwenzake kwa hilo. Na kama kuna wa kuua, angekuwa yeye, maana alikuwa hashindi."

"Pale kisimani alikuwa anawasimulia nini wageni?"

Ertan akashusha pumzi. "Askari kijana aliyeuawa wakati wa vita. Anasema walikuwa kikosi kimoja, akamtia kisimani kwa mikono yake ili mbwa wasimle. Anamtaja mpaka soksi. Moja ya njano, moja ya kijani, alizofumiwa na dada yake, sufi ya rangi moja ikapungua. Wageni wakifika kwenye soksi, wanalia."

"Ni kweli?"

"Hiyo ni ya tangu Pasaka. Mwaka jana kisima hicho hicho kilikuwa na bibi harusi. Kabla yake kilikuwa na dhahabu ya askofu."

"Ulimwambia aache?"

"Nilimwambia kisima kimejaa sasa, ahamie kwenye tangi la maji. Tukacheka." Akajipangusa pua. "Juzi, kundi liliponifikia, alikuwamo yule mama wa picha. Hakuvuka. Alibaki anamtazama Loizos kama mtu anayetazama mlango."

Mama wa picha hakuhitaji kuelezwa. Kila aliyevuka pale alimjua Evanthia, aliyesimama kizuizini mwaka baada ya mwaka, kifuani ameshika picha ya kaka yake Hambis, aliyetoweka katika vita vya mwaka sabini na nne.

Inspekta alikwenda kwake yeye na Rikkos tu. Mlango ulipofunguliwa, akasahau salamu.

Evanthia alikuwa amevaa nyeusi.

Mama wa aliyetoweka havai nyeusi. Mke wake havai, dada yake havai, na ngano ya wafu haipikwi katika nyumba hiyo, kwa sababu ukiipika umemuua mtu wako kwa mkono wako. Ujana wote na uzee wote Evanthia alivaa maua.

"Mama, nani amefariki?"

"Ingieni kwanza, wanangu. Mlangoni pana baridi." Akawaketisha, akawasukumia sahani ya biskuti. "Nikutegee kitendawili?"

"Tega."

"Ana kitanda, lakini halali; ana kiti, lakini hakai; ana jina, lakini haitiki."

"Aliyetoweka," alisema Inspekta.

"Umekipata upesi. Mimi kimenichukua maisha yangu."

Inspekta akasogeza kiti. "Mama Evanthia, una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa."

"Andika, mwanangu. Kunyamaza nimenyamaziwa vya kutosha."

"Ulikuwa kisimani na Loizos?"

"Nilikuwa naye, jioni."

"Ulimfuata nini?"

"Alikuwa shahidi wangu. Nilimsikia mchana akiwasimulia Wajerumani. Soksi zile nilizifuma mimi. Sikumwambia mtu, mwanangu! Nani angezijua kama hakumvua buti?" "Nikapika ngano usiku huo. Kesho yake nikamwambia, twende kwa wale wanaochimba kuwatafuta waliotoweka, uwaonyeshe, wanipe mifupa nizike. Hata kidole."

"Akasemaje?"

"Akacheka kidogo. Si kwa ubaya. Akasema, mama, ile ni hadithi tu, usijisumbue. Hadithi tu! Maofisa wangapi wameniambia hivyo? Nikajua anaogopa kuulizwa mbona alinyamaza. Akainua mwavuli wake, akanigeuzia mgongo, aende zake kula." Akatazama viganja vyake. "Yeye alikuwa anamuuza kaka yangu mchana kutwa, mimi nimenyimwa hata kumzika. Jiwe lilikuwa karibu."

"Halafu?"

"Halafu nikamsomea Hambis sala, nikammwagia ngano yake." Akainua uso. "Nifungeni. Ila mchimbe. Niahidi mtachimba."

Inspekta akaahidi.

Wakachimba. Walitoa udongo, chupa, springi za kitanda na mifupa ya paka. Chini yake kulikuwa na mwamba, ambao haujapata kuguswa.

Rikkos aliketi ukingoni, kofia mkononi. "Afande, kuna jambo. Kabla sijahamia upelelezi nilikuwa nagonga mihuri ya kuvukia pale kizuizini."

"Ndiyo?"

"Zile soksi mama Evanthia alinisimulia hata mimi. Ya njano na ya kijani, sufi ikapungua. Alimsimulia kila aliyesimama akampa sikio. Hakumbuki tu. Na Loizos alipita pale na makundi yake kila siku ya Mungu."

Inspekta alikaa na neno hilo njia nzima hadi mahabusu.

Evanthia alisimama aliposikia ufunguo. "Mmempata?"

"Hamna kitu, mama."

"Mmechimba mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mwamba."

"Basi alimhamisha. Mtafuteni yule Mturuki, atajua alimhamishia wapi."

Inspekta angeweza kuliacha hapo. Lakini kesho Evanthia angemwambia wakili, wakili angemwambia hakimu, na siku moja mtu mwingine angemjibu kwa ukali. Akaketi kando yake kwenye benchi.

"Loizos hakumjua Hambis, mama. Vita vilimkuta Limassol, ana miaka kumi na miwili, nimehakikisha. Soksi alizisikia kwako. Kila mtu alizisikia kwako."

Nje mtu alikuwa akiosha gari la polisi, maji yakitiririka.

"Kwa hiyo hayumo," alisema Evanthia.

"Hayumo."

"Na hakuna anayejua alipo."

"Hakuna, mama."

"Watu walikuwa wakilia kweli? Wakifika kwenye soksi?"

"Walikuwa wakilia."

Evanthia akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu akaikuta sawa.

"Mimi naingia jela," alisema. "Na yule nimemuua. Sasa Hambis atasimuliwa na nani?"