Kahawa Aliyotafuna Adelard

Adelard alianguka akiwa anaongoza mbio, hatua chache kabla ya utepe wa mwisho pale Bugene. Hakuinuka tena.

Inspekta Benitha hakupenda kesi inayoletwa ikiwa imekwishapata mkosaji, na hii ilikuja hivyo. Wakwe walimtaja Ingabire, mke wa marehemu, kabla maiti haijapoa. Mkoba wake ulikutwa na vidonge vya mafua, na damu ya mumewe ilijaa dawa hiyohiyo ya kuzibua pua, pseudoefedrini. Sasa mjane alikuwa mahabusu, na mume anazikwa leo Kaisho.

"Dawa ya mafua inaua?" Benitha alimuuliza daktari.

"Ikizidi, inaweza. Inabana mishipa, inapandisha presha, inakimbiza moyo. Wanariadha wengine huimeza wakidhani inaongeza kasi, ndiyo maana siku ya mashindano kuna kiwango ambacho haruhusiwi mtu kukizidi. Huyu alipata nyingi, juu yake kahawa, jua na mbio."

"Kahawa gani?"

"Ya kutafuna. Maganda yalibaki mdomoni. Majibu ya kuyapima yamefika leo: dawa imo humo."

Benitha akashuka mahabusu.

"Asubuhi ile ulimpa nini, mama?"

"Juisi ya ndizi. Nilionja kwanza mbele yake, kama desturi."

"Na kahawa?"

"Hiyo humpa Deodatus, afande. Kila mbio hutafuna pamoja."

Deodatus, mkimbiaji aliyekuwa nyuma ya Adelard siku ile, aliletwa kituoni akiwa na suti ya msiba. Benitha alimpa kiti, akamsogezea kijikapu cha kahawa ya kutafuna.

"Karibu akamwani."

Mkono wa Deodatus haukunyanyuka. Karagwe mtu hakatai kahawa ya mwenyeji. Hata mwenye ugomvi huchukua punje moja.

"Hii ni ya sokoni," Benitha alisema, akatia punje mdomoni. "Ile uliyompa Adelard, wewe uliitafuna?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Deodatus alikisukuma kijikapu kando. "Niliiloweka kwenye maji ya vidonge vya mafua, nikaianika. Kahawa ni chungu, asingejua. Walitangaza washindi watapimwa mkojo. Miaka yote yeye wa kwanza, mimi wa pili, na kambi ya taifa inachukua mmoja. Nilitaka kipimo kimkamate, afungiwe. Sikutaka afe, afande."

"Kipimo hakikuwepo. Waandaaji walitangaza kuwatisha tu."

Deodatus akafunika uso.

"Na suti hiyo, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kaisho. Nimepangwa kubeba jeneza."

Benitha alisimama. Alimwachia askari amfunge pingu, akaenda mwenyewe kumfungulia Ingabire, akamweleza yote na kumwomba radhi. Kisha akawasha gari.

Walifika Kaisho jeneza likiwa bado uani. Ingabire akasimama njiani, kandokando ya migomba.

"Tangulia wewe, afande. Uwaambie kwanza."

Benitha akaingia, akavua kofia, akalitaja jina la Deodatus na alichofanya, kwa sauti ya kila mtu kusikia. Mama yake Adelard, aliyekuwa wa kwanza kumtaja mkwewe, ndiye aliyeinuka, akatoka mpaka njiani na kumshika mkono.