Angambio ya Maskati na Osaka

Injini za angambio, chombo kipya cha anga, zilipowashwa kwa safari ya kwanza ya abiria, vioo vya kiwanja cha Maskati vilitetemeka na watu wakapiga vigelegele. Kutoka hapo hadi Osaka ni kilomita zipatazo elfu saba na mia nne. Ndege za zamani zilitumia saa tisa. Angambio, iliyopaa hadi ukingoni mwa anga ambako hewa ni nyembamba mno kuizuia, ingefika kwa dakika arobaini.

Mhandisi Zuwena Nasoro, aliyeibuni, alikuwa akienda chumba cha uongozaji aliposikia bawabu-akili, lango linalosoma mapigo ya moyo ya kila abiria, likimkataa mtu.

"Samahani, Bibi. Moyo wako hautahimili safari hii."

Aliyekataliwa alikuwa Bi Ruqaiya, mzaliwa wa Unguja aliyezeekea Maskati. Alisimama ameshika tiketi, hajui aende wapi.

"Shikamoo, Bibi. Unakwenda kwa nani?" Zuwena aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Kwa binti yangu Shadya. Ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na kule hana mtu. Nitafutie basi ndege zile za polepole."

Ndege hizo zilikuwa zimeondolewa juma lililopita, tena kwa ushauri wa Zuwena mwenyewe. Nani angetaka kukaa angani saa tisa? Hakufikiria kwamba kuna miili isiyo na njia nyingine.

Alijua kwamba kasi yenyewe haiumizi. Kinachoumiza ni kuipata ghafla: kifua hukandamizwa kana kwamba mtu amekikalia. Chombo kingepaa taratibu, hata moyo dhaifu ungestahimili, ila safari ingechukua saa tatu. Alipiga hesabu ya mafuta. Yalitosha.

Mkurugenzi, Bwana Mundhir, alimsikiliza huku uso ukimbadilika.

"Dunia nzima inatutazama, Zuwena! Tumeahidi dakika arobaini."

"Bibi huyu naye tumemwahidi kumfikisha."

"Ukibadilisha namna ya kupaa, kesho huna kazi hapa."

"Leo bado ninayo," akajibu, akaingia chumba cha uongozaji.

Alipomaliza kupanga upya jinsi chombo kitakavyopaa, bawabu-akili lilimsoma Bi Ruqaiya upya, likafunguka. Zuwena aliwaeleza abiria ukweli wote. Wawili walishuka wakifoka. Waliobaki wakafunga mikanda. Yeye akaketi kando ya bibi, vidole vyake juu ya mshipa wa mkono ule mkavu, akihesabu mapigo mpaka mbingu ikawa nyeusi dirishani na dunia ikaonekana imepinda chini yao.

"Subhanallah," bibi alinong'ona. Moyo wake ulipiga sawasawa.

Osaka hakukuwa na shangwe. Waandishi wa habari walikuwa wamechoka kungoja, wameondoka. Wakiwa njiani kwenda hospitali, Zuwena alipokea ujumbe wa Bwana Mundhir wa kumfuta kazi. Aliusoma mara moja, akaizima simu, akamshika bibi mkono kumpandisha ngazi.

Shadya alikuwa amelala, uso umemvimba kwa uchovu, kitoto chekundu kifuani.

"Mama," alisema, akilia na kucheka kwa pamoja, "umechelewa. Ameshazaliwa."

Bi Ruqaiya aliinama akamchukua mjukuu wake, akamnusa utosini.

"Nimechelewa," alisema, "lakini nimefika."